Ghorofa Nyuma ya Ngome: Mwenye Nyumba Naye Aulizwe

Ukitoka lango la Ngome ya Yesu ukaingia Ndia Kuu, hutembei mbali kabla ya kukutana na mambo mawili: nyumba ya kale iliyoachwa roshani yake ikioza, na jengo jipya la saruji lililoipita kimo kwa ghorofa kadhaa. Mabarazani, mazungumzo ya jioni hayakosi kufika hapo. Kahawa ikimiminwa, watu huanza na bei ya unga, wakaja kwenye mpira, na mwisho lazima itajwe nyumba iliyouzwa karibuni, na aliyeinunua.

Wanaotusikiliza kwa mbali hudhani wenyeji wa Mji wa Kale tunasema kwa sauti moja, kwamba hatutaki maendeleo. Si kweli. Yuko anayetaka mtaa ubaki kama alivyouacha babu yake, na yuko anayesema babu hakuwa na watoto watano walioshindwa kupata pa kupanga kisiwani. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 Mombasa. Ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Watu hao walale wapi? Swali ni la haki, na halijibiwi kwa kusifu milango ya nakshi.

Kuna jambo moja ambalo nadhani halijazungumzwa vya kutosha. Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mji wa Kale haukuingizwa pamoja nayo. Sehemu yake ilichorewa mpaka ikawa eneo la kuikinga Ngome, basi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliorodheshwa mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na hiyo ni miji yenyewe, pamoja na watu wake. Sisi wa Mvita tumekuwa ua wa nyumba ya jirani. Mtalii hulipa kiingilio langoni pa Ngome, akitoka huzungushwa vichochoroni apige picha za nyumba zetu, na anayelipia chokaa ya nyumba hizo ni mjane anayeishi ndani.

Na chokaa si kitu cha kuchezea. Nyumba ya mawe ya matumbawe haitengenezwi kwa saruji ya dukani. Ukuta haupumui, unyevu hubaki ndani, na mwisho plasta hubambuka. Inataka chokaa, boriti za mikoko na fundi anayejua, na mafundi hao wanapungua. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu nayo ikaguswa. Kwa mwenye nyumba maana yake ilikuwa hii: sheria moja yamwamuru atengeneze kwa boriti, na amri nyingine yamzuilia boriti.

Ongeza mirathi. Nyumba moja ina warithi tisa, wawili wako Ughaibuni, mmoja yuko Nairobi, mmoja hasemi na dada yake. Hakuna anayetaka kutoa fedha za paa ambalo si lake peke yake. Miaka inapita, dari linaanguka, anakuja mnunuzi na fedha taslimu. Hapo tunawalaumu warithi kwa kuuza urithi wa umma. Umma huo ulikuwa wapi paa lilipoanza kuvuja?

Tusijidanganye pia kwamba jina kubwa huilinda nyumba. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa ndani ya mji ulioorodheshwa, na ikiwa katika ukarabati, lakini sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa.

Upande wa pili, wale wanaojenga wana hoja, ila hoja yao ina tundu. Ghorofa inayopanda katika kichochoro cha kupita mkokoteni mmoja haileti bomba jipya la maji. Mitaa ambayo maji hununuliwa kwa mitungi inaongezewa familia ishirini, na maji taka yao yote yaelekea shimo lile lile. Jirani anajua hayo kabla ya mhandisi. Lakini jirani huyaona mabati ya ujenzi yamekwisha simamishwa, ndipo anaposikia kwamba maoni ya umma yalikwisha chukuliwa.

Hapa sheria iko upande wetu, tukiitumia. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Si pambo. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu bandari mpya, ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na urithi wao wa utamaduni haukuzingatiwa, ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wale walikuwa watu wa mashua na nyavu kama wa Bandari ya Kale. Walianza na vikao vyao wenyewe.

Mimi sidai ghorofa zikomeshwe kisiwani kote. Mombasa ina nafasi nje ya Mji wa Kale, na nyumba za kupanga zahitajika. Nadai mambo yanayowezekana. Tangazo la ujenzi libandikwe kwa Kiswahili mlangoni pa ploti na misikitini, si gazetini tu. Kikao kiitwe baada ya Isha, si saa nne asubuhi watu wakiwa kazini na akina mama jikoni. Na kaunti impunguzie kodi ya ardhi mwenye nyumba ya kale anayeitunza kwa masharti yake, kwa sababu kumtoza sawa na mwenye ghorofa nane huku akizuiwa kupandisha hata moja ni kumsukuma auze. Kikao cha bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka. Mara nyingi viti vya mbele huwa vitupu.