Reli ya kisasa imefika, stesheni za kale zitalindwa na nani?

Na Mwandishi Wetu

TANGU Juni 14, 2024, abiria wa Dar es Salaam anayekwenda Morogoro anaweza kusafiri kwa treni ya umeme pasipo kukanyaga stesheni ya zamani iliyoachwa na Wajerumani. Wiki chache baadaye, Agosti 1, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi huduma hiyo ya reli ya kisasa, SGR, hadi Dodoma. Mikataba ya vipande vinavyofuata, kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma, nayo imekwishatiwa saini.

Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, kila kipande kinachokamilika huacha kando yake stesheni, karakana, maghala na nyumba za wafanyakazi ambazo kazi yake inapungua mwaka hadi mwaka, wakati viwanja vilivyo chini yake, vingi vikiwa katikati ya miji, vikizidi kupanda thamani. Reli ya zamani bado inabeba mizigo, na hiyo ndiyo sababu swali la hatima ya majengo hayo halijaulizwa kwa sauti. Siku litakapoulizwa, huenda mnunuzi atakuwa amekwishapatikana.

Sheria haitoi faraja kubwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo la Tanzania Bara huhesabiwa kuwa kumbukumbu kwa umri wake pekee iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze.

Mwaka huo, ukitazamwa kwa makini, unashangaza. Boma la Kale, miongoni mwa majengo makongwe kabisa ya Dar es Salaam, lilijengwa kati ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid alipokuwa akianzisha mji. Ni kusema kwamba mji mzima, kwa kipimo cha umri, ni mchanga mno kwa sheria hiyo. Kwa upande wa reli, ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma mwaka 1914. Hakuna stesheni hata moja, wala kiwanda cha mkonge, wala kinu cha kuchambua pamba, kinachoweza kuvuka kizingiti cha 1863. Waliotunga sheria walikuwa na Kilwa akilini, na misikiti na makaburi ya pwani. Mashine hawakuifikiria, na mwaka 1964 pengine hapakuwa na sababu ya kuifikiria.

Wapo watakaouliza kwa nini Watanzania wahangaike na majengo ya mkoloni. Swali hilo lina uzito, na jibu lake halipatikani katika uzuri wa paa la stesheni ya Tabora. Linapatikana kwa watu waliofanya kazi chini ya mapaa hayo. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri kwa kufuata njia ya reli hadi miji ya bara. Mwaka 1960, katika mkesha wa uhuru, wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82. Historia ya harakati za wafanyakazi nchini haina ikulu wala ngome ya kuonyesha wageni. Ina karakana, mabohari na nyumba za vyumba viwili kando ya reli. Vikibomolewa, kitakachobaki ni vitabu, navyo havisomwi na wengi.

Kuchelewa kwa tangazo kuna gharama yake, na mfano mashuhuri umo Uingereza. Mwaka 1980 maofisa walikuwa wakiandaa nyaraka za kukilinda kiwanda cha matairi cha Firestone, magharibi mwa London. Wamiliki hawakusubiri. Katika mapumziko ya mwisho wa juma la Agosti, ofisi za serikali zikiwa zimefungwa, mashine ziliingia na kuubomoa uso wa jengo kabla karatasi haijatiwa saini. Hasira iliyofuata iliisukuma serikali kuyapa ulinzi majengo mengi ya kipindi kile, na kituo cha umeme cha Battersea kiliingizwa katika orodha mwaka huohuo.

Lakini Battersea nayo ina funzo la pili, lisilopendeza. Kituo kilizima mitambo mwaka 1983, kikapitia mikono ya wawekezaji kadhaa walioshindwa, kikakaa miaka mingi bila paa. Kilipofunguliwa tena Oktoba 2022 kilikuwa na maduka, ofisi na nyumba za bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa London haimudu. Kuta ziliokolewa, na waliowahi kuishi kwa mshahara uliotoka humo hawakurudi.

Wala tangazo peke yake halishikilii dari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati na kuua mafundi wawili. Jengo lililo na kila aina ya hadhi liliporomoka mchana kweupe. Karakana isiyo na hadhi yoyote, ambayo mabati yake yameanza kuvuja, haihitaji hata mwekezaji ili itoweke.

Njia isiyo ya gharama kubwa ipo karibu. Jijini Nairobi, makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971 hukaa katika eneo la reli yenyewe, yakiwa na injini za mvuke na lile behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Watoto wa shule hulipenda behewa hilo kuliko maelezo yote ukutani. Mkusanyiko huo ulianza wakati injini zilikuwa bado zipo na mafundi waliozijua walikuwa hai.

Kwa Tanzania Bara, kazi ya kwanza si kurekebisha sheria, ingawa kuubadili mwaka 1863 uwe kipimo cha umri kinachosogea, tuseme miaka mia moja, kungefaa. Mamlaka ya kutangaza tayari Waziri anayo. Kinachotakiwa ni orodha: stesheni kwa stesheni, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kutoka Tanga hadi Moshi, ikionyesha lipi lina paa zima, nani anakaa humo, na kiwanja kiko kwa jina la nani. Chuo cha Reli kipo Tabora, katikati ya njia, na wanafunzi wake wangeweza kuanza na majengo wanayoyaona kila siku.