Faraja si Kazi ya Sayansi

Imezuka miongoni mwa vijana wetu wa shule za sekondari, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wao, hoja isemayo kwamba dini ilikuwa faraja ya watu wasiojua, na kwamba kadiri elimu inavyoenea ndivyo sayansi itakavyoshika nafasi ile ile: itamtuliza mfiwa, itamwondolea mgonjwa hofu, itampa mzee amani ya kuiaga dunia. Hoja hii husemwa kwa kujiamini sana, hasa na wale ambao bado hawajafiwa. Sisi tunaipinga. Hatuipingi kwa kuidharau sayansi. Tunaiheshimu kiasi cha kutotaka kuiona ikitwishwa mzigo usio wake.

Tuanze na ushahidi ulio bora kabisa wa upande wa pili, maana si uungwana kumshinda mtu kwa kuchagua hoja yake iliyo dhaifu. Mwezi Machi 1955 alifariki Michele Besso, mhandisi aliyekuwa rafiki wa Albert Einstein tangu ujana wao. Einstein aliwaandikia jamaa za marehemu barua, na humo alieleza kwamba, kwa wanafizikia kama yeye, mpaka baina ya wakati uliopita, uliopo na ujao ni mazigazi tu. Hivyo rafiki yake kutangulia kuondoka si kitu. Mwezi uliofuata naye akafa.

Hapo, husema wapinzani wetu, fizikia imefariji. Je, ni kweli? Kilichowafikia jamaa wale kilikuwa barua. Mzee wa miaka 76 alishika kalamu, akamtaja marehemu kwa wema, akaishiriki huzuni yao. Hizo ni rambirambi, na rambirambi zilikuwako kabla ya fizikia. Ondoa urafiki, uibakize nadharia peke yake, kisha umpelekee mjane wa kijijini kitabu cha Einstein juu ya wakati, uone kama usiku huo atalala.

Tazama tufanyavyo sisi. Kifo kikitokea mtaani, kabla neno lolote la kuliwaza halijasemwa, tayari kuna aliyekwenda kuchota maji na aliyekwenda kupasua kuni. Wanawake wametandika mikeka na kulala na mfiwa ili asibaki peke yake na giza. Waislamu husoma hitima, Wakristo huimba na kusali, na wengine hufuata matambiko ya ukoo. Dini humpa mfiwa maneno yaliyokwisha kutungwa, ambayo babu zake waliyatamka katika siku kama hiyo, ikamwondolea taabu ya kuyatafuta mwenyewe wakati akili yake imevunjika. Kisha humpa hesabu ya siku: tatu, arobaini, mwaka. Huzuni huwekewa mpaka. Hakuna maabara duniani yenye chombo cha kufanyia kazi hiyo, wala maabara haipungukiwi heshima kwa kukikosa, kama jembe lisivyopungukiwa kwa kushindwa kushona nguo.

Tena mfiwa haulizi swali ambalo sayansi hulijibu. Mwaka 1937 Evans-Pritchard, mtaalamu wa Kiingereza, alichapisha kitabu juu ya Wazande wa Sudan. Alieleza kwamba ghala la nafaka lilipowaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake, Wazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa walikuwa wamezila nguzo. Hilo halikuwa fumbo kwao. Fumbo lilikuwa: kwa nini lianguke saa ile ile walipoketi watu wale wale? Jibu lao lilikuwa uchawi, nasi hatulikubali. Lakini swali lao tunalijua. Mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria, hata awe muuguzi akijuaye kimelea na mbu akichukuaye, huuliza hilo hilo: kwa nini wangu? Kumjibu kwa somo la vimelea ni ukatili wenye kuvaa joho la elimu.

Hapa twawaona baadhi ya viongozi wa dini wakitabasamu. Wasiharakishe.

Iko faraja inayowaliwaza waliofiwa leo huku ikiwaandaa wengine kufiwa kesho. Tuna methali isemayo ajali haina kinga, na kauli isikikayo katika kila msiba kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Zikitamkwa kando ya jeneza, hizo ni dawa. Zikitamkwa na mwenye dhamana ya kuhesabu abiria, ni maficho. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama karibu kabisa na mwisho wa safari yake, ikiwa imepakia kupita kiasi. Watu zaidi ya 800 walikufa. Taifa lililia, likasali, likazika, na lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lile lile, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kikielekea Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka karibu na gati la Ukara, na waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Msomaji na azisome tena tarakimu hizo mbili. Kati ya msiba na msiba ilipita miaka 22, na kwa muda wote huo methali yetu ilikuwa kazini.

Sababu ya chombo kupinduka si siri. Chombo huelea kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kikiongezewa mzigo hudidimia zaidi. Watu wakijazana juu, uzito nao hupanda juu. Wakikimbilia upande mmoja ili washuke upesi, maji hushindwa kukirudisha wima. Archimedes alijua sehemu ya hayo zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo, na mwanafunzi wa sekondari huyajua leo. Ndani ya elimu hiyo hamna faraja hata chembe. Tena huuma, maana humwambia mfiwa kwamba ndugu yake asingekufa. Anayetaka sayansi ifariji hana budi kuilainisha, aifiche sehemu hiyo iumayo. Na sehemu hiyo ndiyo yenye manufaa.

Sayansi inacho cha kutoa, ila ni kitu cha namna nyingine. Mwezi Oktoba 1977, huko Merka nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui, akapona. Baada yake hakuna tena aliyeupata ugonjwa huo kwa njia ya asili, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka. Ni watoto wangapi hawakuzikwa tangu siku hiyo? Wazazi wao hawajui kwamba wamefanyiwa jambo, kwa sababu hawakulia. Maalin mwenyewe alikuja kufanya kazi ya kuwashawishi watu wa nchi yake wakubali chanjo ya polio, na katika kazi hiyo akafa kwa malaria mwaka 2013. Jamaa zake, kama wafiwa wote, walihitaji kitu ambacho sindano haina.

Kwa walimu tuna neno. Mwanafunzi akirudi shuleni kutoka mazishini, mwalimu wa sayansi asijifanye shehe wala padri, wala asimdhihaki kwa sala alizosaliwa marehemu wake. Ampe pole, amwache akae na wenzake. Lakini somo la kuelea likifika, asiliruke kwa kumwonea huruma. Wanafunzi wa visiwa vya Ukerewe na Ukara wanaishi kwa kuvuka maji yale yale. Wapewe hesabu hii: kivuko ni cha watu 101, na wanaopanda ni 300; wakadirie uzito wa mtu mmoja, na wa gunia moja la mahindi, wapige hesabu mpaka mwisho, kisha waende gatini wakahesabu wenyewe. Na mwenye kukata tiketi akiwaambia kwamba ajali haina kinga, wamwonyeshe daftari.