Nani Kakwambia Mwaka Umepotea?

Kuna neno ambalo wazazi wetu hulitoa kwa mapenzi likamuumiza mtoto kuliko fimbo: "Mwanangu, usipoteze mwaka." Mwanafunzi wa udaktari akiugua, akifiwa, akijifungua au akianza kushindwa kuamka asubuhi, ukoo unakaa kikao na kumkabidhi neno hilo. Kaza buti. Wenzako wameweza. Akithubutu kuandika barua ya kuahirisha masomo, habari inafika mtaani imeshabadilishwa jina: amefeli. Au tunaambiwa amedisko, yaani kaondolewa chuoni.

Mimi nililitii neno hilo. Nikiwa mwaka wa nne, baba alifariki wiki mbili kabla ya mitihani. Nilipanda basi, nikazika, na siku ya nne nikapanda basi kurudi chuoni. Baba mdogo alinisindikiza hadi stendi, akaniambia marehemu angependa nimalize kwa wakati. Fomu ya kuahirisha ilikuwa ndani ya begi, imekunjwa mara nne. Sikuijaza. Nilifaulu yote isipokuwa famakolojia, nikapiga sapu, yaani mtihani wa marudio, nikavuka. Nyumbani nikaonekana shujaa.

Wiki chache baadaye, wodi ya watoto wachanga, niliambiwa nikokotoe dozi ya gentamaisini ya kichanga cha kilo tatu. Miligramu 2.5 kwa kila kilo: saba nukta tano. Kwenye faili nikaandika 75. Muuguzi mmoja mtu mzima aliitazama karatasi, akanyamaza kidogo, kisha akaisogeza mbele yangu. "Dokta, hebu itazame tena hii." Niliitazama nisione kosa. Akaweka ncha ya kalamu kati ya 7 na 5. Nilikuwa nimesahau nukta. Hesabu naijua, sikuwa nimelala vizuri tangu mazishi. Mama wa mtoto alikuwa pembeni anakamua maziwa kwenye kikombe, na tulipoondoka kitandani kwake alinishukuru.

Ndiyo maana nasema imani kwamba daktari wa kweli hasimami njiani ni uongo, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Tuangalie tunamtaka nani avumilie. Mtoto wetu anatoka kidato cha sita na PCB yake (fizikia, kemia na baiolojia), ana miaka 19 au 20, anaingia moja kwa moja kwenye udaktari. Miaka 5 ya shahada, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Humo humo anajifunza kuwa mtu mzima, anapasua maiti, anaona mtoto akikata roho. Marekani wengi humaliza kwanza shahada ya miaka 4 ndipo waanze miaka 4 ya udaktari. Programu zinazounganisha shahada hizo mbili tangu sekondari, kama ile ya miaka 6 ya Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City, ni chache. Na pamoja na kukomaa huko kote, katika kila wanafunzi 100 wa udaktari wa Marekani ni 80 na kidogo tu wanaomaliza ndani ya miaka 4. Ukisubiri hadi mwaka wa 6, wanafika kama 96. Katika waliochelewa wamo waliokwenda kufanya utafiti, waliougua, waliojifungua. Leo ni madaktari, na mgonjwa akiwaona hawaulizi walisoma miaka mingapi.

Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi zaidi ya 40. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na dalili za sonona, na karibu mmoja kati ya tisa alikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya waliokuwa na dalili, kama 16 tu katika 100 ndio waliotafuta tiba. Hawa ni watu walioisoma sonona darasani na kuifanyia mtihani! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumewafundisha vijana wetu kuuficha, kwa sababu wanajua wakiufunua tutawaita walioshindwa.

Mwaka uliofuata, 2017, Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika kiapo cha Azimio la Geneva ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe ili atoe huduma ya kiwango cha juu. Basi kijana wetu atakuja kuapa kufanya jambo tulilomkataza miaka mitano mizima.

Najua hoja ya upande wa pili. Wapo wanaoahirisha kuukimbia mtihani, na nchi inahitaji madaktari haraka. Lakini kuahirisha kuna barua, kuna vielelezo, kuna tarehe ya kurudi; mkwepaji atabanwa hapo. Wala siombi alama ya kufaulu ishushwe hata kidogo. Asiyejua dozi asipewe cheti. Ninachodai ni kwamba kipimo kibaki kigumu, na muda uwe na huruma. Tunamfundisha daktari kutambua mwili uliozidiwa na kuita msaada mapema. Mwanafunzi aliyejipima mwenyewe akasema hapa sasa nisimame, ameshaanza kazi ya udaktari.

Vyuo viache kumtaja aliyeahirisha kwa pumzi moja na aliyefeli. Anayepokea ombi la mwanafunzi mgonjwa asiwe mwalimu yule yule atakayemsahihishia mtihani. Na anayerudi akute mkopo wake umefunguliwa, asianze kuzungushwa ofisi hadi ofisi huku wenzake wako wodini.

Lakini mlango wa kwanza uko nyumbani. Baba mdogo, shangazi, mjomba: kijana wenu akikupigia simu usiku wa manane na sauti imekauka, usimuulize atamaliza lini. Muulize mara ya mwisho alilala lini. Kisha mwambie aitoe ile fomu begini aijaze, na asubuhi mtumie nauli.