Si kosa la herufi

Msomaji mpenzi, ni lini mara ya mwisho uliketi kwenye dawati la mtoto wa Gredi ya Pili? Mimi niliketi Alhamisi iliyopita, magoti karibu na kidevu. Shule moja ya Eastlands hapa Nairobi ilikuwa imewaalika wazazi kuwatazama watoto wakisoma. Kaka yangu na mkewe walikuwa kazini, basi nikatumwa mimi, shangazi mtu. Sisi wa 8-4-4 tulizoea mzazi kuitwa shuleni mtoto akivunja kioo. Mtaala wa umilisi ulioingia madarasani 2019 unataka mzazi awe karibu na masomo.

Somo la kwanza lilikuwa mwandiko: herufi b na d. Usicheke. Kikombe ukikigeuza, mkono wake uwe kulia au kushoto, bado ni kikombe. Herufi ukiigeuza tumbo inakuwa nyingine, na mtoto wa miaka saba hajaona kitu kingine duniani chenye tabia hiyo. Katika Kiswahili kosa hilo lina uzito, kwani linamgeuza baba kuwa dada.

Ikafuata imla, majina ya jamaa. Mmoja aliandika "shosho" mahali pa nyanya, na alipokosolewa akateta kuwa nyanya ni ya kachumbari. Nikaficha uso.

Kisha familia. Dada ya baba ni nani? "Anti!" Dada ya mama? "Anti!" Mke wa mjomba? "Anti!" Naye anayeuza sukuma wiki langoni? Anti vilevile. Mwalimu akaandika ubaoni: shangazi, mama mdogo, mkaza mjomba. Nakiri hilo la mwisho mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Sasa sikia. Watoto waliambiwa waandike sentensi moja juu ya mtu anayewaleta shuleni. Mvulana niliyeketi naye aliandika: "Dada hunipikia uji na kunileta shule." Mwalimu, mwenye watoto zaidi ya hamsini, alipita na kalamu nyekundu, akakata d zote mbili za neno la kwanza, akaandika b juu yake. Simlaumu. Asubuhi yote mvulana huyo alikuwa akizichanganya, hata mimi ningekata.

Mtoto alichukua raba akafuta. Wino mwekundu haufutiki, msomaji. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Alipoitwa asome sentensi yake mbele ya wenzake, hakuinuka. Mwalimu akadhani ni ukaidi. Akaninong'onezea mimi, mgeni: "Lakini yeye ni dada."

Nami nilinyamaza. Nilijiambia kuwa mgeni hamkosoi mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Huenda ni adabu, huenda ni uoga.

Saa tisa na nusu langoni alifika msichana wa miaka kama kumi na tisa, aproni ya hoteli bado i kiunoni. Mvulana akamkimbilia. Msichana alifungua daftari, akaona tundu, akauliza kwa ukali ni nani amelipasua. Daftari ni pesa. Mtoto akainama. Hapo nilishindwa kuvumilia, nikarudi ofisini nikamweleza mwalimu.

Mwalimu hakujitetea. Alitoka mpaka langoni, akamsalimia msichana, akaomba daftari. "Niandikie tena," akamwambia mvulana. Aliandika amesimama, daftari juu ya ukuta mfupi, taratibu kabisa, kila tumbo la d likitazama kushoto. Mwalimu akatia vema. Kisha akamuuliza dadake kama wanaishi wawili tu. Akajibiwa kuwa ndiyo, tangu mwaka jana.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuchora mti wa familia. Karatasi zilikuwa tayari zimepigwa chapa, visanduku viwili juu, BABA na MAMA. Mwalimu aliitazama ile ya mvulana kwa muda, akaenda kuleta rula. Nilipoondoka na mtoto wetu alikuwa akichora kisanduku cha tatu, kitupu, bila jina.

Mti huo unatakiwa kesho Jumatatu, kwenye manila. Ikiwa una wa Gredi ya Pili katika shule hiyo na hujanunua, fanya haraka. Maduka mengi ya vitabu hufungwa mapema Jumapili.