Kongamano la Asasi Songea Liwe la Kazi, Si la Posho

KATIKA mkoa wa Ruvuma, kama ilivyo kwingineko nchini, mzigo wa mayatima, wajane, wagonjwa na wanafunzi wasio na sare wala madaftari haubebwi na Serikali peke yake. Vipo vikundi vya akina mama, jumuiya za misikiti na makanisa, vyama vya wakulima na mashirika yasiyo ya kiserikali. Vingi vyafanya kazi kwa ikhlasi, lakini kila kimoja kivyake. Ndiyo maana tunatoa rai kwamba asasi hizo zikutane mjini Songea katika kongamano moja.

Wakati wenyewe unalazimisha. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Asasi zilizotegemea mfuko huo pekee zilibaki mikono mitupu, ilhali wahitaji wake wangali mlangoni. Wazee walikwisha kutuasa: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ushirikiano si jambo geni Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na mwaka 1963 ikaundwa Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, ambayo katibu wake alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vilivyojiunga, ambavyo hatimaye vilifikia takriban 17, viliamua mambo yake katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Lile ambalo kijiji kimoja kisingeliweza, vilifanya kwa pamoja: skuli ya Litowa kwa watoto wao, na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Mwalimu Nyerere aliitazama Jumuiya hiyo kama mfano wa ujamaa vijijini. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja na mali zake zikachukuliwa.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, ushirikiano hudumu pale wanachama wanapouona katika kazi na si katika maazimio. La pili, asasi yahitaji kinga ya sheria na imani ya watawala, bila ya kugeuka kuwa mali yao. Leo ipo Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, inayoyapa mashirika haya Baraza lao la Taifa na kuyataka yatoe taarifa ya kazi na hesabu kila mwaka. Anayeiweka hesabu yake wazi humnyima mwenye shaka hoja.

Kwa Waislamu, kuketi na wasiokuwa wa dini yetu kwa ajili ya haki hakupaswi kututia wasiwasi. Kabla ya kupewa Utume, Mtume Muhammad (S.A.W.) alihudhuria Hilful Fudhul, mapatano yaliyofungwa Makka nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an baada ya mfanyabiashara mgeni kudhulumiwa bidhaa zake. Baada ya Uislamu aliyasifu mapatano yale, akabainisha kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama hilo, angeitika.

Basi kongamano hilo lisiwe la mabango, fulana na posho. Kila asasi ije na mambo mawili: hesabu zake na orodha ya vijiji inavyovihudumia. Orodha hizo zikilinganishwa, itadhihirika ni yatima gani anayepewa na watatu, na ni yupi wa Tunduru, Namtumbo, Mbinga au Nyasa asiyefikiwa na yeyote. Kisha wajumbe wachague kazi moja ya pamoja, waipangie mwaka na wasimamizi, wanawake wakiwamo, na mkutano wa pili ufanyike wilayani ili watu wa huko waulize kilichotendeka.

Nazo familia zetu zina wajibu. Baba na mama watoao zaka na sadaka kupitia jumuiya wana haki ya kuuliza zimefika wapi. Kuuliza huko si fitina, bali ni kuilinda amana. Jumuiya isiyoweza kuwajibu waumini wake msikitini haitakuwa na la kuwaambia wenzake ukumbini.

Wabillahi tawfiq.