Bangili Iseme Tusaidiwe Vipi, Isiseme Sisi Ni Nani

Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni juu ya swali ambalo sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaulizwa tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Kiryandongo: je, mtu mwenye kifafa avae kitu cha kumtambulisha, au asivae? Namaanisha bangili, au kadi yenye maandishi, inayomwambia mtu asiyekujua la kufanya ukianguka mbele yake. Maoni yangu ni kwamba avae. Lakini avae kwa hiari yake, na maandishi yachaguliwe vizuri.

Hapa nyumbani mtu akianguka, majirani wanamjua. Mmoja anamwondoa karibu na jiko, mwingine anaita mama yake. Shida iko safarini. Wengi wetu tuna safari za kwenda Busia na Tororo. Kuna wanaofuata biashara, na kuna wanaokwenda kukutana na jamaa waliobaki ng'ambo ya Kenya. Busia ni mji mmoja ulio katika nchi mbili. Kuna malori, foleni, makanga wanaoita abiria, na waendesha bodaboda, ambao jina la kazi yao lilizaliwa hapo hapo mpakani. Ukianguka katika umati huo, hakuna anayejua jina lako wala ugonjwa wako.

Mgeni anayekuona hufikiri nini? Mmoja atasema umelewa. Mwingine atasema umerogwa. Wa tatu atawakataza wenzake wasikuguse kwa kuogopa povu, akidhani kifafa kinaambukizwa kwa mate. Si kweli, kifafa hakiambukizi. Na yupo atakayekuja na kijiko akupanue meno, ambapo anaweza kukuvunja jino au kukuziba pumzi. Hata kifafa kikishapita hatari haijaisha. Kwa dakika kadhaa mtu anaweza kuzubaa, akatembea bila kujua aendako na asijibu anapoulizwa. Mpakani, mtu asiyejibu askari anaonekana mlevi au mhalifu. Wakati huo kinywa hakiwezi kujitetea. Kitu kilicho mkononi kinaweza.

Najua kwa nini wengi hawataki. Sababu ya kwanza ni aibu: "Nikivaa, kila mtu atajua." Sababu ya pili ni nzito zaidi, na sisi tuliotoka Kenya tunaielewa bila kufafanuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo watu walidaiwa vitambulisho ili jina liseme kabila. Familia zilivuka Busia na Malaba, zikapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye zikaletwa huku Kiryandongo. Wengi wa rika langu tulivuka tukiwa watoto wadogo. Mzee aliyepita njia hiyo akisema hataki maandishi yoyote mwilini mwake, tusimcheke. Ameona maandishi yakiua.

Ndiyo maana nasema kitambulisho cha afya kiwe tofauti na kile cha kizuizini. Kisiseme wewe ni nani. Kiseme usaidiwe vipi. Anayekuokoa hahitaji jina la ukoo wako, kabila lako, dini yako wala namba yako ya ukimbizi. Jina moja la kukuita unapozinduka linatosha.

Jambo hili halikuanza na makampuni wala serikali. Mwaka 1953, huko Turlock katika jimbo la California, Marekani, msichana aitwaye Linda Collins alijikata kidole. Hospitalini alipimwa kwa dawa ya pepopunda ambayo mwili wake haukuipatana, nusura afe. Baada ya hapo, wazazi wake walikuwa wakibana karatasi kwenye nguo zake kila anaposafiri, ili daktari mgeni asirudie dawa ile. Baadaye akatengenezewa bangili, na mwaka 1956 wazazi hao wakaanzisha shirika la MedicAlert, ambalo sasa linajulikana katika nchi nyingi. Tazameni, mwanzo wake ni karatasi na pini. Sisi pia hatuhitaji kungoja bangili ya chuma kutoka ng'ambo.

Kwa maoni yangu, maandishi yawe namna hii:

NINA KIFAFA. HAKIAMBUKIZI.
Nikianguka: niondoe penye hatari, weka nguo laini chini ya kichwa, nilaze ubavu.
Usinitie kitu mdomoni. Usinishike kwa nguvu.
Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla sijazinduka, nipeleke hospitali.
Piga simu: +256... au +254...

Zingatieni hizo namba za simu. Uganda na Kenya zote zina namba zinazoanza na 07. Ukiandika 07 peke yake, na aliyekuokota yuko na laini ya nchi nyingine, simu yako haitafika kwa watu wako. Andika +256 kwa jamaa aliye Uganda na +254 kwa aliye Kenya, na umwombe ruhusa mwenye simu kabla ya kuandika namba yake.

Kuhusu lugha, upande wa Tororo utakuta Kijopadhola na Kiteso, na Busia utakuta Kisamia na Kiteso pande zote mbili. Hatuwezi kuandika zote. Kiswahili kinaeleweka kwa wafanyabiashara, madereva na askari wa mpakani, kwa hiyo kiwe upande wa mbele. Nyuma andikeni Kiingereza kwa ajili ya daktari, pamoja na jina la dawa na kiasi unachomeza. Kwa asiyejua kusoma, chora mtu aliyelala ubavu.

Kadi ifunikwe kwa nailoni isilowe, ikae katika mfuko wa shati au pamoja na simu. Anayetaka bangili anaweza kumwendea fundi viatu akamkatia ukanda mwembamba wa ngozi. Maandishi yanaweza kugeuzwa ndani, yasionekane mpaka mtu akushike mkono. Hivyo siri yako inabaki yako mpaka siku ya haja. Usiifunge shingoni kwa kamba ngumu, maana kamba inaweza kukukaba ukianguka.

Wengine huniambia, "Mimi nameza dawa, bangili ya nini?" Ni swali zuri. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa hiyo dawa ndiyo ya kwanza, na bangili haichukui nafasi yake. Lakini safarini ndiko dozi husahaulika, usingizi hukatika kwenye basi, na dawa huisha kabla ya kurudi. Mambo hayo huweza kukiamsha kifafa kilicholala. Beba dawa za kutosha, zikiwa katika pakiti yenye jina la dawa, pamoja na barua ya kliniki. Hasa fenobabitoni, kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na sheria, na ofisa mpakani ana haki ya kukuuliza.

Sasa nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaotuhudumia. Tafadhali msije mkagawa bangili za rangi moja kwa kila mwenye kifafa. Baada ya wiki moja watoto shuleni watajua maana ya rangi hiyo, na itakuwa alama ya kubaguliwa. Afadhali kuwe na mtu wa kuandika kadi siku ya kuchukua dawa, na kila mgonjwa achague mwenyewe avae nini na wapi. Mtoto naye aulizwe, si mzazi peke yake.

La pili ni kwa sisi majirani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tujiulize pia nani anamfanya mgonjwa afiche. Ni sisi, tunapokataa kula naye sahani moja au tunaposema binti yule haolewi. Mahenge, nchini Tanzania, waliokuwa na kifafa walikuwa wakitengwa hivyo hivyo. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengi waliopata dawa mfululizo waliacha kuanguka ovyo, wakarudi shambani na kwenye familia zao. Watu walipoona hayo kwa macho, woga ukaanza kupungua.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kwa safari ya Busia au Tororo wiki ijayo, kabla hujafunga mzigo, chukua kalamu na karatasi. Kama huwezi kuandika, mwite mhudumu wa afya wa eneo lako akuandikie. Ni kazi ya dakika kumi na hatutoi siri. Na wewe usiye na kifafa, ukimkuta mtu ameanguka stendi, mlaze ubavu, kisha mtazame mkononi na mfukoni kabla ya kusema amelewa.



Mhudumu wa afya wa kujitolea, Kiryandongo