Kabla ya Kuuza Kihamba

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa falsafa alipigiwa simu na baba yake. Familia imepata mnunuzi wa kihamba chao huko Kilimanjaro, na dalali anawaahidi ekari 20 katika bonde la Kilombero kwa fedha hiyohiyo. "Frateri, wewe ndiye msomi wetu. Tuuze?" Kwa siku kadhaa, saa ya kazi za mikono, majembe yetu yalikwenda polepole kwa sababu ya simu hiyo.

Hoja ya mzee si ya kipuuzi. Kihamba hakifiki ekari moja, na wana wako wanne. Migomba, kahawa na magimbi vimechanganyika chini ya miti mikubwa, ng'ombe analishwa bandani, samadi inarudi mgombani. Kilimo hicho kinasifiwa duniani. Mwaka 2011 FAO iliingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo. Lakini sifa hazigawanywi kwa wana wanne. Kilombero kuna tambarare na mpunga unakubali. Nusu yetu tulisema auze.

Aliyetugeuza ni mwenzetu wa Mbinga. Milima ya Umatengo ina miteremko ambayo mtu anayetafuta shamba angeipita bila kugeuka. Wamatengo wenyewe hawakwenda huko kwa kupenda: katika karne ya 19 walikimbilia juu kujihami na mashambulizi ya Wangoni, wakajikuta wengi mahali padogo na pabaya. Ndipo ngoro zilipowaokoa. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila jicho la wavu na kufunika nyasi zile, hadi yabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu mwingine. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Mwenzetu alituchorea yote kwa kijiti mavumbini, akaongeza kwamba mgongo unaouma kwa kazi hiyo mara nyingi ni wa mama.

Basi msimamo wetu ni huu. Tunapouliza ardhi ipi inafaa kuishi kwa jembe, tunaanza na mvua, udongo na bei, na watu tunawaweka mwisho. Aristotle, katika kitabu cha saba cha Siasa, alipanga kinyume: kwanza idadi na tabia ya raia, ndipo akageukia eneo la nchi. (Tulisoma sura hiyo kwa ajili ya mtihani. Hatukudhani ingetufuata bustanini.) Pamoja na kihamba, mzee yule anauza zamu yake ya maji ya mfongo, na majirani wanaojua zamu hiyo ni ya nani hata yeye akiwa safarini. Dalali hajaviwekea bei.

Sisi wenyewe tuna kosa la kukiri. Tulipopanua bustani yetu tulichagua kipande cheusi kando ya mto, tukashangaa kwamba wenyeji walikuwa wamekiachia ng'ombe. Hatukuwauliza. Kabichi zote zilikwenda na maji usiku mmoja.

Hata hivyo hatukumwambia mzee asiuze. Sisi tusiosubiri kugawiwa shamba ni wepesi mno kuwashauri wanaolisubiri. Tulimwomba aende Kilombero mara mbili: Aprili, mto unapofurika, na Oktoba, aone maji ya kunywa yanatoka wapi. Aulize baada ya mavuno ni mifugo ya nani hulisha pale, kwa maana katika mkoa wa Morogoro ugomvi wa wakulima na wafugaji umeshaua watu. Kama ardhi ni ya kijiji, adai kuona muhtasari wa mkutano mkuu, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Na kabla ya yote, mwana mmoja akodi ekari mbili huko na kulima msimu mzima, akale alichovuna, azikane na watu wa huko.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: kati ya wanangu wanne, nani yuko tayari kwenda? Mmoja yuko seminari. Wawili wanaendesha bodaboda Moshi mjini. Wa nne, mdogo, ndiye pekee anayejua kupalilia mgomba, naye hataki kuondoka. Mnunuzi amesema atasubiri hadi mwisho wa mwezi.